Mashua Moja kwa Wote: Historia ya Klabu ya Water Wag ya Dún Laoghaire tangu 1887

Kwa watu wa pwani yetu, Septemba ni demani. Kusi limeshachoka, kaskazi halijaingia, na mwenye ngalawa hutweka tanga bila kuyatazama mawingu mara mbili. Katika Ghuba ya Dublin, Ayalandi, Septemba ina sura nyingine. Majani ya miti yameanza kugeuka rangi, upepo una meno, na jua ambalo mwezi Juni lilikuwa likizama karibu saa nne usiku sasa linazama saa mbili kasorobo. Hata hivyo, Jumatano jioni katika bandari ya Dún Laoghaire (wenyeji hutamka karibu na “Dan Liri”), watu hutoka kazini, huvua tai, huvaa makoti ya mvua na kuingia wawili wawili katika mashua ndogo za mbao kwenda kushindana.

Mashua hizo huitwa Water Wag. Kila moja ina urefu wa futi 14 na inchi 3, mlingoti mmoja, na mbao zilizopandiana kama vigae vya paa. Ukizitazama kutoka gatini utazitofautisha kwa rangi ya ubavu na namba ya tanga tu, kwa kuwa zote zimetoka katika mchoro mmoja na hupimwa kwa vipimo vimoja. Klabu inayozisimamia ilianza kushindana mwaka 1887, na ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani kushindanisha mashua za muundo mmoja. Historia yake ni fupi kuieleza: watu waliandika kanuni, kisha wakaitii. Kazi ipo hapo kwenye kuitii.

Bandari iliyoletwa na msiba

Usiku wa tarehe 19 Novemba 1807, dhoruba ya upepo na theluji ilizikamata meli mbili zilizokuwa zimetoka Dublin na askari, Prince of Wales na Rochdale. Zote mbili zilisukumwa hadi kwenye miamba ya ufuko wa kusini wa ghuba. Watu wapatao 400 walikufa, baadhi yao wakiwa karibu na nchi kavu kiasi kwamba mtu aliyesimama ufukoni angeweza kuwatupia kamba lau angewaona gizani. Ghuba ile ilikuwa na sifa mbaya tangu zamani. Ina kina kifupi na mafungu ya mchanga, na iko wazi kwa upepo wa mashariki, kwa hiyo chombo kilichokutwa humo na dhoruba hakikuwa na pa kukimbilia.

Baharia mmoja, Richard Toutcher, alishikilia kwamba lijengwe kimbilio la meli, naye hakuchoka kuwasumbua wakubwa mpaka wakakubali. Kazi ilianza mwaka 1817 kwa mpango wa mhandisi John Rennie. Mawe ya matale yalichimbwa kwenye kilima cha Dalkey, yakaletwa na kupangwa baharini mpaka ikatokea mikono miwili mikubwa inayokumbatia maji, na ule wa mashariki peke yake unapita kilomita 1. Mwaka 1821 Mfalme George IV alipita hapo, na mji huu wa Dún Laoghaire ukabandikwa jina la Kingstown kwa heshima yake. Mwaka 1834 ikafika reli kutoka Dublin, ya kwanza katika Ayalandi yote. Kutoka hapo, karani, mwanasheria au daktari wa mjini aliweza kufunga ofisi jioni na kuwa baharini kabla jua halijazama.

Klabu za yoti nazo zikafuata maji tulivu: Royal Irish mwaka 1831, Royal St George mwaka 1838, National mwaka 1870. Majumba yao bado yamepangana mbele ya bandari. Mwaka 1884 kikaundwa chama cha Dublin Bay Sailing Club, kikiwaangalia zaidi wenye vyombo vidogo. Kimbilio lililojengwa kwa ajili ya waliozama likawa uwanja wa michezo, na maji yake ambayo hayana mawimbi makubwa ndiyo yaliyokuja kuziwezesha mashua zisizo na sitaha kushindana hata upepo unapochafuka nje.

Wazo la Middleton

Ili kuelewa kilichotokea mwaka 1886, ni lazima kwanza tuelewe ugonjwa wa mashindano ya yoti wakati ule. Vyombo vilivyoshindana havikulingana, hivyo zilitungwa fomula za kuvipima, na chombo kikubwa kilidaiwa muda dhidi ya kidogo. Wachoraji hodari walizisoma fomula hizo kama mwanasheria anavyosoma mkataba wa mpinzani, wakitafuta mahali palipoachwa wazi. Fomula ya Uingereza ya siku hizo iliadhibu upana kuliko kitu kingine chochote, basi yoti zikawa nyembamba mwaka hadi mwaka mpaka zikafanana na ubao uliosimamishwa kwa ukingo, zikishikiliwa wima na risasi nyingi iliyofungwa chini ya mkuku.

Mwisho wa mbio hizo ulionekana papo hapo katika pwani ya Dublin. Mwezi Mei 1886, yoti mpya iliyoitwa Oona ilipotea katika dhoruba karibu na Malahide, kaskazini ya jiji. Urefu wake majini ulizidi futi 30, na upana wake haukufika futi 6. Waliokuwemo wote walikufa, akiwemo mchoraji wake, William Evans Paton.

Na hata pale ambapo hakuna aliyezama, mifuko ilizama. Aliyeshinda mwaka huu kwa chombo kipya alijua kwamba mwakani jirani yake ataagiza kingine chenye mbinu mpya zaidi, na chake kitakuwa cha kuvulia samaki. Kombe lilikuwa likienda kwa mwenye hati ndefu ya benki. Kijana mwenye mkono mzuri wa usukani na mshahara wa kawaida alibaki gatini akitazama.

Mwaka uleule wa 1886, Thomas B. Middleton wa klabu ya Shankill Corinthian, katika kijiji cha ufukoni yapata maili 10 kusini ya Dublin, alitoa pendekezo ambalo leo linaonekana jepesi hata mtu akashangaa kwa nini halikutolewa mapema. Alisema zijengwe mashua ndogo zote kwa mchoro mmoja na gharama ya wastani, asiruhusiwe mtu kuongeza wala kupunguza. Fomula haitahitajika tena, wala kudaiana muda. Atakayefika kwanza ndiye mshindi, na atakayefika wa mwisho hatakuwa na chombo cha kusingizia.

Mashua aliyoipendekeza ilifuata mahitaji ya mahali. Ufuko wa Shankill hauna gati. Chombo hukokotwa juu ya kokoto na kusukumwa kwenye mawimbi. Kwa hiyo Wag ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya msonobari, futi 13, imechongoka omo na tezi ili wimbi lisipate pa kuipiga kofi wakati wa kuingia wala wa kutoka. Badala ya mkuku mrefu ilipewa bamba la chuma, la aina itumikayo kutengenezea boila, linaloteremshwa katikati ya mashua ikiwa majini na kupandishwa inapokaribia nchi kavu. Bamba hilo ndilo lililoiwezesha kwenda joshi bila kuburutwa na upepo.

Shindano la kwanza lilifanyika tarehe 12 Aprili 1887. Kundi la Wag likaota mizizi Kingstown, penye bandari, reli na watu.

Tuseme ukweli wake hapa, maana historia ya sifa tupu huwa haimfai msomaji. Waanzilishi walikuwa watu wenye nafasi zao. Mvuvi wa Kingstown na mchukuzi wa gatini hawakuitwa kwenye mkutano ule. Usawa uliozungumzwa ulikuwa usawa wa vyombo, kati ya watu ambao tayari walikuwa na uwezo wa kununua kimoja. Pamoja na hayo, kanuni ile ilibana mahali penye maumivu: mwenye fedha nyingi alikatazwa kuzitumia dhidi ya mwenye fedha kidogo mara wakishasukuma mashua majini. Katika michezo ya wakati ule, na hata ya leo, ni wachache waliokubali kujifunga hivyo kwa hiari.

Binti wa fundi

Wag za mwanzo zilipendwa mara moja, lakini baada ya miaka 13 zilianza kuonekana ndogo. Bandarini Kingstown hakukuwa tena na haja ya kukokota chombo juu ya kokoto, na wanachama walitaka mashua iliyo pana kidogo, yenye kubeba tanga kubwa zaidi. Hapo klabu ilifika kwenye njia panda. Ikikataa mabadiliko, wanachama wangehamia vyombo vingine. Ikiruhusu kila mtu aboreshe cha kwake, ingeurudisha ugonjwa ule ule iliokuja kuutibu.

Walichofanya ni kubadili mashua bila kubadili kanuni. Mwaka 1900 ulipitishwa mchoro mpya, mmoja kwa wote kama ule wa kwanza. Kazi hiyo ilitoka katika karakana ya J. E. Doyle, mchoraji na mjenzi wa mashua wa hapo hapo Kingstown, lakini aliyeichora hasa hutajwa kuwa ni binti yake, Maimie Doyle. Katika zama ambazo mwanamke hakuwa na kura ya bunge, na klabu za yoti zilikuwa majumba ya wanaume, msichana aliyekulia kwenye maranda ya mbao ya baba yake alichora mistari ambayo waungwana wa ghuba yote waliifuata. Wameifuata hadi sasa.

Mashua ya Maimie ndiyo ile ya futi 14 na inchi 3. Tezi haikuchongoka tena; ilikatwa bapa, nahodha akapata nafasi ya kukaa na tanga likapata uzito wa kulishikilia. Ubavu wake una mkunjo wa chini uliotulia, unaoifanya ivumilie upepo wa ghafla kabla ya kulala. Si mashua ya kasi kwa vipimo vya leo, na mtoto aliyefunzwa vizuri kwenye mashua ya plastiki ataipita. Wenyewe wanajua hivyo na hawaoni haya. Wahenga wetu walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Klabu ilikwenda kutafuta mashua kubwa zaidi, ikarudi palepale kwenye kanuni yake: mchoro mmoja, na marufuku kuugusa.

Jumatano moja ya Septemba

Sasa tuteremke gatini tuone inavyokuwa.

Msimu huanza mwishoni mwa Aprili na kumalizika Septemba. Hufuata nuru, kwa maana bandari hii iko kaskazini mno, na kuanzia Agosti mchana hufupika kwa kasi. Ikifika Septemba jua huzama mapema kwa takriban robo saa kila wiki. Kwa hiyo resi za mwisho wa msimu zina ladha yake. Juni nahodha alikuwa na muda wa kukosea na kusahihisha. Septemba anayo mizunguko michache tu kabla ya giza, na kosa alilofanya mwanzoni atalala nalo.

Dakika 5 kabla ya kuanza, bendera hupandishwa kwenye mashua ya waamuzi na honi hulia. Dakika ya 4 kabla, inapanda bendera ya pili. Katika muda huo mashua zaidi ya 20, kwenye jioni nzuri, huwa zinazungukana nyuma ya mstari wa kuanzia kama kuku waliosikia mtama. Dakika 1 kabla, bendera ya pili hushushwa. Sasa kila nahodha anataka vitu vitatu ambavyo havipatikani pamoja: kuwa kwenye ncha bora ya mstari, kuwa na mwendo, na kutouvuka mstari kabla ya honi. Kanuni za baharini zinasema mwenye upepo upande wake wa kulia ndiye mwenye njia, kwa hiyo sauti husikika juu ya maji zikidai haki hiyo, na wenye upepo wa kushoto hupindua haraka au hupita nyuma wakinung'unika.

Honi ikilia, wote huelekea boya la upeponi kwa kubisha. Ndani ya kila Wag mnakaa wawili. Nahodha ameshika kana ya usukani kwa mkono mmoja na kamba ya demani ya tanga kubwa kwa mwingine. Mwenzake anashughulika na tanga la mbele, akiegemeza mwili wake upande wa joshi kila mashua inapolala. Tanga kubwa linapandishwa na foromali ndefu ambayo husimama karibu sambamba na mlingoti, mtindo wa zamani ambao umekwisha kwenye vyombo vya kisasa. Maji yakipiga chini ya zile mbao zilizopandiana hutoa sauti ya kugonga kwa haraka, kama vidole juu ya meza, na manahodha wazoefu huisikiliza: ikipungua, mwendo umepungua.

Ukuta wa mashariki hujaa watu wa matembezi ya jioni, na ukuta huohuo ndio adui. Upepo wa kusini-magharibi unaovuka paa za mji hufika bandarini umekatikakatika, mara wa nguvu, mara shwari. Ukikaribia mawe sana unaweza kukuta umeganda huku mwenzako aliye hatua 30 kutoka hapo anakata maji. Ndiyo maana anayeshinda hapa huwa ameinua macho zaidi kuliko alivyoyainamisha. Anayasoma maji yanayoingia weusi, ambayo ni alama ya upepo, na anawahi kuyafuata.

Wakizunguka boya la juu hugeuka kwenda na upepo, na hapo hufunguliwa spinaka, tanga la tatu lenye tumbo, linalosimamishwa na mti mdogo. Kwa dakika chache bandari nzima huwa kama kamba ya nguo za rangi. Kisha boya la chini, matanga ya tumbo yanashushwa na kusukumiwa ndani yakiwa yameloa, na kubisha kunaanza upya.

Klabu imewagawa washindani katika madaraja kufuatana na uzoefu, ili mgeni asiyeweza kumfikia bingwa awe na mtu wa ukubwa wake wa kupambana naye. Vyombo vinabaki sawa; kinachotambuliwa ni kwamba watu si sawa. Nani wa kwanza, nani wa mwisho, wote huanza pamoja na hurudi pamoja.

Jina la mji lilipobadilika

Taasisi ya miaka mingi huvuka mambo ambayo haikuyaanzisha. Aprili 1916, waasi wa Ayalandi walipoteka majengo katikati ya Dublin, askari wa Uingereza waliotumwa kuwazima walishukia Kingstown na kuanza kutembea kuelekea jijini. Tarehe 10 Oktoba 1918, siku nyingine ya majira haya ya majani kupukutika, meli ya posta Leinster iliondoka bandarini hapo kwenda Holyhead, ikapigwa kwa torpido na nyambizi ya Ujerumani. Watu zaidi ya 500 walikufa, mwezi mmoja tu kabla vita havijasimama.

Mwaka 1920 mji ulilitupa jina la mfalme na kulirudia la Kiayalandi, Dún Laoghaire. Mwaka 1922 dola jipya lilizaliwa, na bendera iliyopepea juu ya majengo ya bandari ikawa nyingine. Klabu iliyokuwa imeanzishwa chini ya dola moja ikajikuta katika dola lingine, na wanachama waliokuwa na misimamo tofauti kabisa juu ya mambo hayo. Mashua zikaendelea. Jambo hilo linaweza kuonekana dogo, na pengine ni dogo kweli. Lakini katika mji ambao kila jina la mtaa lilikuwa na upande wake, palikuwa na mahali pamoja ambapo kilichobishaniwa ni nani aliyeligusa boya.

Mbao na mikono

Wag zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza bado zinashindana, na zinashinda. Hapa ndipo hekima ya Middleton inapoonekana kwa macho. Katika michezo mingi ya vyombo, chombo cha miaka 10 ni kizee. Hapa chombo cha miaka 100 ni mpinzani kamili, mradi kimetunzwa, kwa kuwa chombo kipya hakiruhusiwi kukizidi kwa chochote. Mtu hurithi mashua ya babu yake na kupambana na jirani aliyejengewa ya kwake mwaka jana, na wote wawili wanajua kwamba tofauti itakayoonekana ni yao.

Ujenzi wake ni wa zamani. Ubao mmoja hulazwa juu ya ukingo wa mwenziwe, kisha hupigwa misumari ya shaba ambayo ncha zake hukatwa na kukunjwa upande wa ndani juu ya kipande kidogo cha shaba, ukapatikana mshono usiohitaji kalafati nyingi. Halafu mataruma membamba hupikwa kwa mvuke hadi yalegee, yakapindwa ndani ya umbo kabla hayajapoa. Ni kazi ya mafundi wawili, mmoja nje na nyundo, mwingine ndani akizuia, na hawawezi kuifanya wakiwa wamegombana.

Kuna mfano unaostahili kuandikwa katika kumbukumbu hizi. Cathy MacAleavey aliiwakilisha Ayalandi kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 katika mashua za daraja la 470. Baadaye alikwenda kando ya ziwa Ree, katikati ya nchi, kwa fundi mzee wa mashua Jimmy Furey, akajifunza kazi hiyo na kushiriki kwa mikono yake kujenga Wag yake, Mariposa. Mwanaolimpiki aliyerudi kutandika mbao, akaileta mashua hiyo Dún Laoghaire kushindana Jumatano jioni na watu wa kawaida: huo ndio mwendelezo ambao hakuna klabu inayoweza kuununua.

Msimu ukifungwa Septemba, mashua hutolewa majini. Kisha huja miezi ya kukwangua, kupiga msasa na kupaka vanishi. Bandari haibaki tupu, maana vyombo vya plastiki vinayo mashindano yake ya majira ya baridi kuanzia Novemba, lakini Wag hulala. Mbao zinahitaji kupumua, na wenye mbao hizo wanahitaji kukaa kitako wakibishana juu ya resi ya Julai ambayo kila mmoja anaikumbuka kwa namna yake.

Uzao wake

Wazo lililoanzia kwenye ufuko wa kokoto halikubaki hapo. Mwaka 1898, upande wa pili wa ghuba, kijiji cha Howth kilianzisha mashua zake za muundo mmoja, zilizochorwa na Walter Herbert Boyd, nazo bado zinashindana, hata kwenye ligi ya Klabu ya Yoti ya Howth ya majira haya ya majani kupukutika. Marekani ikapata Star mwaka 1911. Mwaka 1947, huko Clearwater, Florida, Clark Mills alichora Optimist, kisanduku cha watoto cha mita 2.3 ambacho leo ni darasa la kwanza la mabaharia wadogo kila pembe ya dunia. Kisha Bruce Kirby wa Kanada akachora Laser, ambayo zimeundwa zaidi ya 200,000 na ambayo iliingia Olimpiki mwaka 1996. Urefu wake ni mita 4.23, Wag ina mita 4.34. Miongo mingi ya maarifa, na tofauti ya urefu ni ya shubiri nusu.

Mtu akipita Msasani, Dar es Salaam, au kwenye maji ya Mombasa, akaona watoto kwenye Optimist na wakubwa kwenye Laser, anaona kanuni ileile ya 1886 ikifanya kazi katika upepo wa kusi: chombo hiki ni kama kile, basi onyesha mkono wako.

Mwaka 2016 huko Rio, Annalise Murphy, baharia wa klabu ya National ya Dún Laoghaire, alitwaa medali ya fedha katika Laser Radial, daraja ambalo kila mshindani husafiri kwa chombo sawa na cha mwenziwe. Annalise ni binti wa Cathy MacAleavey. Mama alijenga Wag. Binti alileta medali kutoka kwenye wazo hilohilo.

Neno kwa msomaji

Klabu ya Water Wag haikuwahi kuwa kubwa, wala tajiri kuliko majirani zake wa majumba makubwa. Ghuba ileile ilishuhudia madaraja mengi ya yoti za fahari yakija na kupotea kwa sababu gharama ziliwashinda wenyewe. Wag zimebaki kwa kuwa gharama zilizuiwa mlangoni, kabla hazijaingia chumbani. Mashua ilibadilishwa mara moja, mwaka 1900. Kanuni haijabadilishwa.

Na kwa wenzetu wanaoandaa resi za ngalawa na mashua kwenye sikukuu na matamasha ya pwani yetu, ambako kila mwaka hutokea ubishi wa nani ana tanga kubwa kuliko mwenziwe: pimeni kwanza, andikeni vipimo, muafikiane hadharani mbele ya mafundi na manahodha. Kombe linunuliwe baada ya hapo.